Rudi Nyuma, Mlima Ukue: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha ya Mtu na Kilimanjaro Giza Linapoingia

Shangazi yangu alikuja Moshi kutoka Tanga kwa mara ya kwanza, na jioni ya siku ya pili mlima ukafunguka wote, Kibo nyeupe, wingu hata moja hakuna. Nikamsimamisha kando ya barabara, nikasogea hatua nne, nikampiga picha kwa simu. Alipoitazama akacheka. "Mwanangu, huu ndio mlima wenyewe? Mbona kama kichuguu?"

Alisema kweli. Uso wake ulijaa pichani, na Kilimanjaro, mita 5,895, ilikaa juu ya bega lake kama kofia iliyomponyoka mtu. Nikailaumu simu. Miaka iliyofuata nikanunua kamera, nikapiga harusi na mahafali ya kutosha hapa mjini, ndipo nikaelewa kuwa simu ilionewa. Kosa lilikuwa la miguu yangu.

Kwanza hatua, kamera baadaye

Mlima hausogei. Wewe ukirudi nyuma mita hamsini, kwake ni sawa na bure, maana uko umbali wa makumi ya kilomita. Mtu uliyemsimamisha mbele yako ndiye anayepungua. Kwa hiyo ukubwa wa mlima pichani unauamua wewe, kwa idadi ya hatua kati yako na huyo mtu.

Hesabu yake si ngumu. Ukiwa kwenye mashamba ya mpunga kusini mwa mji, upande wa Mabogini na Chekereni, kilele cha Kibo kiko mbali kama kilomita 40, nacho kimekuzidi kimo kwa kilomita tano hivi. Tano kwa arobaini ni moja kwa nane. Basi zidisha kimo cha mtu mara nane: mtu wa mita 1.7 akiwa mita 14 kutoka kwako, yeye na mlima wanalingana kimo pichani. Akiwa mita 28, anakuwa nusu ya mlima. Mita 55, robo. Mita 100, moja ya saba. Mita 200, moja ya kumi na tano, na hapo jicho la mtazamaji linaanza kumtafuta.

Ukipigia mjini penyewe, mlima uko karibu zaidi, kilomita 31 au 32, kwa hiyo zidisha mara sita badala ya nane. Shangazi alikuwa mita tatu kutoka kwangu. Nilimfanya awe mrefu zaidi ya mara tatu kuliko Kilimanjaro.

Mimi napenda mita 60 hadi 120. Chini ya hapo picha inakuwa ya mtu, mlima ukiwa pazia nyuma yake. Ikizidi sana hapo unakuwa na picha ya mlima yenye doa. Katikati ndipo mtazamaji anapomwona mtu kwanza, kisha macho yanapanda, yanapanda tena, na bado hayajafika juu.

Pima kwa miguu yako mwenyewe mchana, jua likiwa bado. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia mita moja. Hesabu mia, chomeka kijiti au weka jiwe. Giza likianza kuingia hutaweza kukadiria, na kupiga kelele "rudi kidogo, hapana, kidogo tena" kwa mtu aliye mita mia ni kupoteza dakika ambazo huna.

Lenzi, na simu pia

Ukirudi nyuma bila kuvuta, kila kitu kinakuwa kidogo, mlima pamoja na mtu. Ndiyo maana hatua na lenzi huenda pamoja. Kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa, kile kipande kinachopokea picha), kutoka umbali huo wa kilomita 40, lenzi ya milimita 85 hadi 100 inatosha kumeza Kibo na Mawenzi kwa pamoja: vilele hivyo vimeachana kama kilomita 11, sawa na nyuzi 15 za upana, na lenzi ya 100 inaona nyuzi 20. Ukiwa na 200, chagua Kibo peke yake. Kamera yenye kihisi kidogo inahitaji lenzi fupi kidogo: 55 hadi 70 itakupa upana uleule.

Wenye simu, lenzi kuu ya simu ni pana mno kwa kazi hii, ndiyo inayotengeneza vichuguu. Tumia lenzi ya pili, ile ya 2x au 3x, kama simu yako inayo. Kuvuta kwa vidole zaidi ya hapo ni kukata picha tu, na jioni utalipia kwa chenga. Kama simu ina lenzi moja, ishia 2x, msogeze mtu hadi mita 40 hivi, uridhike.

Shusha kamera

Hili watu wengi hawaambiwi. Kwenye tambarare, ukipiga picha ukiwa umesimama, mstari wa upeo wa macho unapita usawa wa macho ya huyo mtu. Maana yake mwili wake wote unabaki chini, kwenye matope na nyasi, na kichwa tu ndicho kinachogusa mlima. Anaonekana amezama.

Piga magoti. Ukiweza lala. Kamera ikiwa nusu mita kutoka ardhini, upeo unamkata miguuni, na yeye anasimama mbele ya mlima mzima mzima. Nimechafua suruali nyingi kwa ajili ya nusu mita hiyo, na sijutii hata moja.

Kwenye majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga vinavyojazwa maji, kuna faida ya pili. Ile namba nane inarudi: kilele kinaonekana majini umbali wa mara nane ya kimo cha kamera. Ukisimama, kamera ikiwa mita 1.6, kilele kiko majini mita 13 mbele ya miguu yako. Ukichuchumaa hadi nusu mita, ni mita nne tu. Kwa hiyo huhitaji ziwa. Unahitaji jaruba moja dogo lililotulia mbele yako, na mtu wako asimame kwenye tuta la mbali, mita themanini au mia. Ila maji hayo ya karibu yakiwa na mpunga uliokwisha kukua, au bata wanaoga, kioo hakuna.

Nguo zake nazo ziangalie. Miteremko ya chini ya Kilimanjaro ni mashamba na msitu, na jioni inageuka bluu nzito, karibu nyeusi, hasa mvua ikiwa imesafisha hewa. Mtu mwenye nguo nyeusi akisimama mbele ya hapo anapotea. Nilimpoteza bwana harusi mmoja namna hiyo: suti ya bluu ya gharama, pichani ukabaki uso na kola ya shati vikielea. Bibi harusi alionekana vizuri sana. Chagua nyeupe, njano, rangi ya chungwa, kitenge cha kung'aa. Kanzu nyeupe mita mia moja mbele ya mlima wa bluu ni picha ambayo haihitaji maneno. Shuka nyekundu ya Kimaasai nayo inasimama vizuri. Ukitaka umbo jeusi tupu, msogeze mtu karibu, mita 15 au 20, kamera chini kabisa, ili kichwa na mabega vitoke nje ya miteremko, viingie kwenye anga pembeni ya kilele. Lakini hapo umeuza ukubwa wa mlima ili upate umbo la mtu, ujue unachouza.

Kuchagua siku

Kutoka Moshi mlima uko kaskazini moja kwa moja, unaitazama sura yake ya kusini. Sasa fikiria jua linapotua. Mwezi wa Juni linatua nyuzi 23 kaskazini ya magharibi, yaani kidogo nyuma ya mlima, na sura ya kusini haipati kitu. Ubavu wa kushoto tu ndio unaoshika rangi. Desemba linatua nyuzi 23 kusini ya magharibi, na mwanga unaipaka sura ya kusini kutoka pembeni, kila bonde likiwa na kivuli chake. Ongeza kwamba vuli huwa imepita, hewa imeoshwa na juu kuna theluji mpya, utaona kwa nini wapiga picha wa hapa huulinda mwezi wa Januari na nusu ya kwanza ya Februari kama watu wanaongoja mavuno.

Masika, Machi hadi Mei, mlima unaweza kukaa siku nyingi umejifunika. Juni hadi Agosti Moshi ina baridi na mawingu ya chini yasiyoondoka. Septemba na Oktoba ni kavu, lakini vumbi na moshi wa mashamba hufanya mlima uonekane kama umechorwa kwa chaki. Yote haya si marufuku. Jioni moja iliyofunguka katikati ya masika, baada ya mvua ya mchana, inaweza kupita Januari nzima, maana theluji mpya inakuwa imeshuka chini ya barafu ya kudumu. Barafu yenyewe imebaki kidogo: kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Weupe mwingi unaousifia ukiwa Moshi ni theluji ya juzi.

Kawaida mlima huwa wazi alfajiri, hujifunika kuanzia saa tatu au nne asubuhi, na jioni mara nyingi hufunguka tena. Ukiona saa tisa alasiri umefunga kabisa usikate tamaa, wala usiage nyumbani ukiahidi picha. Nenda tu.

Mwezi mpevu hufanya kinyume cha jua. Januari huchomoza kaskazini ya mashariki, nyuma ya bega la mlima, na sura ya kusini inabaki kivulini. Juni na Julai huchomoza kusini ya mashariki na kuimulika theluji vizuri. Kwa hiyo ukibahatika jioni safi katikati ya mwaka, nenda siku mbili kabla ya mwezi kujaa. Jua likitua mwezi utakuwa tayari umepanda, na hutalazimika kuungojea.

Wapi pa kusimama

Majaruba ya Mabogini na Chekereni ndiyo chaguo langu la kwanza. Ni eneo la mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, na kwa kuwa majaruba hayapandwi yote siku moja, ukizunguka utakuta mahali panaandaliwa, maji yamejaa, miche haijapandikizwa. Daladala zinafika, bodaboda atakufikisha hadi kwenye mfereji. Mwambie akurudie saa moja na nusu usiku, na mlipane nusu ya nauli wakati huo, si yote mapema.

Mashamba ya miwa ya TPC, Arusha Chini, yana barabara zilizonyooka na mlima umesimama mwisho wake, lakini ni eneo la kiwanda; omba ruhusa getini na ukubali jibu utakalopewa.

Kuanzia Juni hadi Oktoba, jua linapokuwa halikusaidii Moshi, hamia Boma Ng'ombe na tambarare za kuelekea Sanya Juu. Huko uko kusini magharibi ya mlima, jua linatua nyuma yako, na Kibo inapokea mwanga wote usoni mwaka mzima. Hakuna maji, lakini kuna nyasi kavu, ng'ombe wanaorudi bomani, na vumbi lao linalogeuka dhahabu. Mchungaji na mifugo yake wakiwa mita 120 ni kipimo bora kuliko mtu mmoja, kwa sababu kila mtu anajua ng'ombe ana ukubwa gani.

Mjini, juu ya maghorofa, kuna nyaya, matangi ya maji na mabati. Watu huvifuta kwa programu. Mimi huviacha, mlima ukiwa juu ya mji ni mlima wa Moshi. Ila angalia kamera isielekee kituo cha polisi wala eneo la jeshi. Na droni iache nyumbani kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kuwaomba watu

Picha nzuri zaidi niliyonayo si ya mtu niliyemleta. Ni ya mama aliyekuwa akiamia ndege kwenye mpunga wake, kombeo mkononi. Nilifika saa kumi na nusu, kamera ikiwa bado begini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

"Hapana mama. Napiga picha za mlima. Naomba, jua likitua, nikupige ukiwa hapo kwenye tuta unafanya kazi yako. Uso hautaonekana vizuri, utakuwa mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Akacheka, akasema basi haina haja ya kubadili kitenge.

Mambo matatu yamo katika mazungumzo hayo. Salamu kwanza, kamera baadaye. Mwambie mtu ukweli atakavyoonekana. Na muache afanye kazi yake, maana mtu anayefanya kazi anasimama vizuri kuliko mtu anayesimamishwa. Kama utamkawisha, mlipe muda wake. Soda si malipo kwa mtu uliyemzuia kwenda kupika. Kama picha itauzwa au itatangaza biashara, mueleze hivyo kabla, na mwandikishane. Watoto usiwapige bila mzazi kukubali, hata wakikuzunguka kwa makelele wakitaka wenyewe.

Ukija na mtu wako, mpe kitu cha kufanya: abebe jembe, asukume baiskeli, atembee pole pole juu ya tuta. Mtu akinyoosha mikono juu kama ameshinda mbio, picha inakuwa tangazo la benki. Umbo lisomeke: miguu iachane kidogo, mikono isigandamane na mwili, asimame kwa upande au akitazama mlima. Mita mia moja, sura haionekani. Kinachosema ni mkao.

Kwa mawasiliano tumieni simu. Weka sauti wazi, simu yako chini ya tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu), yake mfukoni. Kupunga mikono hakufai giza likiingia.

Vya kubeba

Kamera au simu, betri ya akiba, tripodi, tochi mbili, kitambaa cha kufuta lenzi. Gambuti kama ni majaruba. Shati la mikono mirefu na dawa ya mbu bila mjadala: mashamba ya mpunga saa moja jioni ni makao makuu yao. Na vipande vitatu vya mbao au vifuniko vya ndoo vya kuweka chini ya miguu ya tripodi. Mwaka wa kwanza tripodi yangu ilizama matopeni polepole kabisa, nikawa na picha ishirini, kila moja imeinama zaidi ya iliyotangulia, na sikugundua hadi nyumbani.

Dakika kwa dakika

Moshi jua hutua kati ya saa 12:20 jioni, mwanzoni mwa Novemba, na saa 12:50, mwishoni mwa Januari. Giza la huku halina simile: jua likishazama una dakika ishirini na ushee za mwanga wa kufanyia kazi. Nitachukua jioni ya mwisho wa Januari.

Saa 10:30 uwe umefika. Zunguka, salimia, tafuta maji, hesabu hatua, weka alama. Saa 11:30 funga tripodi, piga picha za majaribio, umwone mtu wako kwenye kioo cha kamera, umsogeze hadi kimo chake kikuridhishe.

Saa 12:20 hadi 12:50 mwanga ni wa dhahabu na unamgusa yeye na mlima kwa pamoja. Ni rahisi, kila kamera inaweza. Anza na f/8 (tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata 1/60 (sehemu ya sekunde inayokaa wazi), kisha rekebisha. Usimalizie betri hapa.

Saa 12:50 jua linazama kwako, lakini halijazama kwa Kibo. Kilele kiko juu kiasi kwamba kinaliona jua kwa dakika saba au nane zaidi. Mtu wako yuko kivulini, tambarare yote imetulia, na juu kuna kaa la moto. Dakika hizi nane ndizo nilizokujia. Pimia mwanga kwenye theluji, si kwa mtu: gusa theluji kwenye simu na ushushe mwanga kidogo, au kwenye kamera hakikisha theluji haijaungua. Tambarare ikiwa nyeusi kidogo utainyanyua baadaye. Theluji iliyoungua hairudi. Piga faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Mizani ya rangi iweke kwenye jua la mchana, usiiachie kamera iamue, kwa sababu kamera ikiona wekundu inadhani ni kosa na inaufuta.

Saa 12:58 hivi kilele kinazimika. Mlima unakuwa wa kijivu, bapa, kama umekatwa kwenye boksi. Watu hufunga mabegi hapa. Kaa. Geuka kulia, mashariki: mkanda wa bluu ya kijivu unapanda kutoka ardhini, juu yake waridi. Hicho ni kivuli cha dunia yenyewe.

Saa 1:03 hadi 1:12 anga nyuma ya mlima linageuka zambarau kisha bluu, na theluji inaanza kung'aa tena, safari hii kwa mwanga wa anga. Sasa mipangilio inakimbia:

dakika 10 baada ya machweo: f/8, ISO 800, 1/60
dakika 20 baada: f/4, ISO 1600, 1/30, au f/8, ISO 800, 1/4 kwenye tripodi

Usiogope shata ya robo sekunde. Mtu aliye mita mia moja akiyumba sentimita mbili, kwa lenzi ya 100 mwendo huo hauonekani kabisa; ungeonekana sana akiwa mita tano. Mwambie avute pumzi, aitoe, atulie. Wewe tumia saa ya kuhesabia ya kamera ya sekunde mbili ili kidole chako kisitikise. Kwenye simu, washa hali ya usiku na uiegemeze kwenye kitu.

Baada ya saa 1:12, taa za vijiji zinawaka miteremkoni: Kibosho, Uru, Kilema, Marangu. Mlima unakuwa na watu wake wenyewe. Mpe mtu wako tochi aielekeze chini, miguuni, na umepata picha ya mwisho: taa moja tambarareni, mamia juu yake, halafu giza la msitu, halafu weupe.

Kulenga

Lenga mtu, si mlima. Kwa lenzi ya 100 kwenye f/8, ukilenga mtu aliye mita 60 au zaidi, mlima nao unatoka mkali bila shida. Lenzi ya 200 ni mchoyo: kwenye f/8 mtu asiwe karibu zaidi ya mita 85, na ulenge kitu kilicho mita 170 hivi, nyuma yake. Fanya hivyo kabla ya giza, kisha zima kulenga kwa otomatiki. Kamera inayohangaika kulenga gizani, mbele na nyuma, wakati Kibo inawaka inaweza kukutoa machozi. Ukifungua hadi f/4 baadaye, mita hizo zinaongezeka mara mbili, kwa hiyo msogeze mtu mbali au kubali mlima laini kidogo.

Wasomaji wa Arusha

Kanuni ni zilezile, namba zinabadilika. Meru, mita 4,566, iko kama kilomita 15 kutoka katikati ya jiji, na jiji lenyewe liko juu, kama mita 1,400. Uwiano ni moja kwa tano: mtu wa mita 1.7 analingana na mlima akiwa mita nane na nusu, na moja ya saba ni mita 60. Theluji ni nadra, kwa hiyo usingoje mng'ao wa pili baada ya machweo. Picha yako iko kwenye umbo la mlima na anga. Meru ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910, ikatulia.

Anayetaka volkano inayopumua aende Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, mita 2,962. Lakini usitegemee mto wa moto kama wa kwenye sinema. Lava yake ni ya aina ya pekee duniani, yenye soda, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana inaonekana nyeusi kama matope, usiku ndipo inapotoa wekundu hafifu, na ikikaa hewani inageuka nyeupe. Weupe wa kileleni, basi, ni lava ya zamani. Piga kutoka tambarareni, kwa kipimo cha mtu, na usimpandishe mtu ukingoni mwa kreta kwa ajili ya picha. Mwaka 2007 na 2008 ililipuka kwa majivu.

Kusafisha picha

Nyoosha upeo. Nyanyua vivuli kidogo, acha jioni ibaki jioni. Ukungu ukiwa umeufifisha mlima, ongeza utofauti wa mwanga kwenye mlima peke yake. Usiuvute mlima kwenda juu. Programu zinaweza, na wapo wanaofanya, lakini mtu wa Moshi anaujua mgongo wa Kibo kama uso wa mama yake, na atakuumbua kwenye maoni ndani ya dakika tano. Mawenzi nayo usiikate ili Kibo ionekane peke yake bila sababu. Katika hadithi ya Kichagga imeshapigwa kwa mchi na Kibo kwa kuombaomba moto, inatosha.

Na uichapishe. Kwenye kioo cha simu mtu wa moja ya saba anakuwa kama punje ya mchele. Kwenye karatasi ya sentimita 30 kwa 45, mlima ukiwa na kimo cha sentimita 14, yeye anakuwa sentimita mbili kamili, na hapo ndipo picha inapofanya kazi. Mama wa kombeo nilimpelekea ya ukubwa huo, akaitundika sebuleni.

Shangazi alirudi Moshi miaka kadhaa baadaye, mwezi wa Januari. Nikampeleka Mabogini, kitenge cha njano, mita 90, theluji ikawaka kama nilivyoomba. Nilipomwonyesha aliitazama muda mrefu, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Mlima nimeuona. Mimi niko wapi?"

Nikamwonyesha. "Ala! Sasa mimi ndiye kichuguu."

Tangu siku hiyo, kila ninayempeleka, saa 12:20 mwanga wa dhahabu unapoanza, namwita kwanza aje mita tatu kutoka kwangu, nampiga ya karibu, uso wote, mlima begani. Hiyo ndiyo ninayomtumia usiku uleule. Kisha namwambia aende hatua mia.